Kikonyezo Ndani ya Gari la Baba

Kamera zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili ya mbio. Mfanyabiashara wa Mwanza aliyeniuzia alisema ni za watu wanaojenga nyumba huku wanaishi mbali. Unaifunga kwenye nguzo, inapiga picha moja, inatulia, inapiga nyingine, inatulia, na mwisho ukiziunganisha unaiona nyumba yako ikitoka kwenye msingi hadi kwenye bati kabla chai haijapoa. Nilichukua mbili. Zilikuwa za bei ya kutupa, na mimi nikiona kamera ya bei ya kutupa sijizuii.

Nina studio Nyakato, hapa Musoma. Pasipoti, harusi, maulidi, kipaimara, mahafali, mimi ndiye. Kamera ya kwanza niliifunga kwenye uzio wa jirani aliyekuwa akijenga. Ina kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, na fundi mmoja alipokiona akasimama na mwiko mkononi, akaniuliza, "Dada, hiki kidude kinamkonyeza nani?" Jina likabaki hapo hapo. Kikonyezo. Mpaka leo wateja wakija hawasemi kamera, wanasema wanataka kukodi kikonyezo. Mwenye nyumba hakuwa na haja ya picha za giza, kwa hiyo nilikipanga kiamke saa za mchana na kilale saa za usiku. Sehemu ya kupanga hivyo ipo, unabonyeza mara chache tu. Nikaweka hivyo kwenye vyote viwili, na nikaacha hivyo hivyo hata baada ya nyumba kuisha.

Kuvipeleka kwenye magari ya mbio lilikuwa wazo la mdogo wangu.

Hizo mbio msizifikirie kwa ukubwa. Ni watu wa kawaida: mwalimu, fundi redieta, mwenye duka la vipodozi, mtu wa Murangi anayesafirisha samaki. Wana magari madogo ya Kijapani yaliyochoka, wamechomelea mabomba ndani ili gari likipinduka paa lisiwalalie kichwani. Kila baada ya miezi kadhaa serikali ya kijiji inawafungia barabara ya vumbi inayozunguka vilima vya mawe nyuma ya Butiama, wachunga ng'ombe wanaambiwa mapema, na Jumapili asubuhi watu wanakimbizana hadi saa nane mchana barabara inapofunguliwa. Zawadi ni kikombe cha bati na kelele za watu. Ukiwauliza wanapata nini, wanakuangalia kwa huruma.

Mdogo wangu ndiye mwanamke pekee katika kundi hilo. Anauza spea Bunda mjini, na mama akimuuliza ataolewa lini humjibu kwamba ameshaolewa na gia boksi. Sharti la kundi ni moja: uje na gari lenu, hakuna kuazima. Gari analoendesha ni la baba, na hapo ndipo palipokuwa na mgogoro.

Baba aliendesha malori ya pamba maisha yake yote. Alipostaafu alinunua hilo gari dogo, akalipenda kuliko alivyotupenda sisi tulipokuwa wachanga, maana sisi hakuwahi kutuosha. Kisha akaugua kiharusi. Mama alichukua funguo akampa mdogo wangu bila kuitisha kikao, na mdogo wangu, kwa ruhusa ambayo baba aliitoa akiwa bado kitandani, akaliingiza gari kwa mchomeleaji. Baba aliponyanyuka alikuta viti vya nyuma vimeng'olewa na mabomba yamewekwa. Neno kiharusi yeye halitamki. Anasema "ile homa." Na anasema amepona. Kwa macho yetu kweli alikuwa amepona: anatembea, anakula, anapeana mikono na watu, anavuta tasbihi yake barazani baada ya alasiri. Ila funguo hatukumrudishia, kwa sababu daktari alikataza.

Mwaka wa pili wa kunyimwa funguo, baba akatangaza kwamba anauza gari.

"Litamuua mdogo wako," aliniambia nilipokwenda Bunda kumsalimia. "Nimeshapata mtu wa kulinunua. Jumatatu alasiri anakuja kulichukua."

"Baba, mbona kila mtu anasema anaendesha vizuri?"

"Kila mtu! Mimi nilikuwaga na robota za pamba mgongoni, mvua inanyesha, sijawahi kuangusha hata moja. Nani katika hao kila mtu amewahi kuendesha kitu? Sifa za barazani sizitaki."

"Sasa unataka nini?"

Akafikiri. Baba akifikiri hufunga jicho moja.

"Wewe si una vikamera vyako? Kifunge ndani ya gari Jumapili. Uso wake sina haja nao, barabara ya Butiama naijua. Nataka nione mikono. Nikiona anaendesha kwa akili, gari linabaki kwake na sitalisema tena. Nikiona upuuzi, Jumatatu linaondoka."

Mimi nilijua, na mama alijua, na nadhani hata paka wa nyumbani alijua, kwamba tatizo halikuwa upuuzi wa mdogo wangu. Baba hakuweza kuvumilia kuliona gari lake likitoka uani kila asubuhi na mtu mwingine kwenye usukani. Lakini alikuwa ametoa neno, na baba akitoa neno halirudishi. Nilimpigia mdogo wangu pale pale nikamwambia gari lake lipo mikononi mwangu, na alale usingizi.

Sikuwa najisifu bure. Kufunga kamera kwenye gari la mbio ni kazi, na hiyo kazi nilikuwa nimeshaisomea kwa hasara. Mara ya kwanza nilitumia selotepu; kamera ikaanguka kwenye kona ya kwanza tukaikuta inanuswa na ndama. Mara ya pili nikatumia waya wa kufungia nondo. Haikuanguka, ila gari likitetemeka na yenyewe inatetemeka, na picha zote zikatoka ukungu mtupu, huwezi kutofautisha mlima na mtu. Nikajaribu gundi, gundi ikayeyuka kwa jua. Kilichonikomboa ni kandambili. Nilikata soli ya kandambili iliyochakaa vipande viwili, nikaibana kamera katikati, halafu nikaizungushia mpira wa tyubu, ule ule wanaofungia mizigo watu wa bodaboda, nikauvuta mpaka ukalia. Soli inameza mtetemo. Mbele nikaweka kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, nimekitoboa tundu la lensi, ili vumbi lisiingie kwa fujo. Tulijaribu siku moja kwenye njia mbovu ya kuelekea Butiama, mdogo wangu akiendesha, na picha zikatoka safi hadi unasoma namba za dashibodi. Huo ujuzi ni wangu na sioni haya kuusema.

Jumapili hiyo mimi nilitoka Musoma asubuhi na mapema, wao wakatoka Bunda. Baba alikuja amekaa kiti cha abiria, koti lake la kijivu na kofia yake ya kufuma, na mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba njia nzima mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo.

Nilikifunga kikonyezo kwenye bomba la paa, nyuma kidogo ya bega la kushoto la dereva, kikitazama usukani, gia na mapaja. Cha pili nilikifunga kwenye gari la mwenyekiti wa kundi, ambaye alikuwa amekiomba kwa majisifu yake mwenyewe. Betri nilikuwa nimezitoa kwa kuogopa zisivuje, kwa hiyo nilipozirudisha kamera zikaanza kuuliza saa, maana saa ndiyo kitu pekee zinachosahau betri zikitoka. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika mpira wa tyubu.

"Saa ngapi hapo?" nikauliza.

"Saa mbili na nusu," mdogo wangu akajibu, amelala chini ya gari anakaza nati.

Nikaandika mbili na thelathini. Nikaenda kwa mwenyekiti nikaandika hivyo hivyo. Nikapiga picha ya kujaribu kwenye kila kimoja, zikatoka vizuri, nikabonyeza cha kuanzia, taa ikakonyeza mara moja. Nikamwonyesha baba dole gumba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mahali ambapo unaona magari yanaanza na unaona yanamaliza, basi. Kazi yote inafanyika nyuma ya vilima.

Mdogo wangu alikimbia vizuri siku ile. Nasema hivyo mimi niliyepanda juu ya jiwe nikamuona kwenye kona mbaya kuliko zote, pale mtu wa samaki alipoingia kwa pupa akaishia kwenye shamba la mihogo. Yeye alipunguza mapema, akaingia kwa utulivu, akatoka akiwa ameshaongeza mwendo. Alimaliza wa tatu, mbele ya mwenyekiti, na wanawake wa kijiji wakapiga vigelegele vya kumtoa mtu machozi. Alipovua helmeti akamtazama baba moja kwa moja.

"Nitaona picha," alisema baba.

Baada ya hapo watu wakatawanyika. Waliokuwa na nyama wakaenda kwenye nyama, na sisi tukaelekea msikitini, maana adhuhuri ilikuwa imekaribia. Baba akasema tutangulie, yeye atalisogeza gari kivulini kwanza, matairi yanaungua. Kulisogeza hatua chache hakuna daktari angemkataza. Mdogo wangu akamwachia funguo. Tukiwa tunatia udhu nikasikia gari linanguruma nyuma ya vilima na nikajisemea kuna kijana bado hajatosheka. Baba alikuja kuungana nasi wakati watu wanatoka. Kofia yake ilikuwa na vumbi, hata nyusi.

"Upepo," alisema.

Hapakuwa na upepo, lakini nilikuwa na njaa na sikutaka mjadala.

Jioni ile nikiwa studio nikaingiza kadi ya kikonyezo kwenye kompyuta. Picha ya kwanza, ukiacha ile ya kujaribu, ilikuwa ya gari limesimama, kiti kitupu, mlango wazi. Chini kulikuwa na saa: sita kamili. Nikatafuta picha za kabla ya hapo. Hakuna. Nikatoa kadi, nikaifuta kwenye khanga, nikairudisha. Hakuna. Mbio zote, kona zote, vigelegele, hakuna hata picha moja.

Nikachukua kadi ya mwenyekiti. Yake nayo ilianza mchana, gari likiwa limeegeshwa, na kwa saa nzima kuna kuku amepanda kwenye boneti anajisafisha manyoya.

Nikakaa. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, na nilipofika nilipofika nikacheka kwa hasira. Mdogo wangu aliniambia saa mbili na nusu, nami nikaandika nilichosikia. Lakini kamera hizi zinahesabu saa kwa kuanzia usiku wa manane, kama redio za ng'ambo. Kwao saa mbili na nusu ni usiku mzito, watu wanakoroma. Na mimi nilikuwa nimeshaziambia tangu enzi za nyumba ya jirani kwamba usiku zilale. Basi zikalala. Jua linachoma, magari yanapasua vumbi, na zenyewe zimelala kwa adabu, zikaamka saa sita mchana zikidhani kumekucha.

Mtu mwingine angejilaumu. Mimi nilizilaumu kamera na bado nazilaumu. Jua linachomoza, unahesabu moja, unahesabu mbili, hiyo ndiyo saa. Mashine ambayo haijui asubuhi ni saa mbili haina haki ya kuitwa mashine. Nilizitukana kwa sauti mpaka mwenye saluni ya jirani akagonga ukuta.

Kisha hasira ikanitoka nikaingiwa na woga. Mdogo wangu alikuwa amenipigia mara mbili. Nilipopokea akauliza, "Dada, zimetoka?"

"Zimetoka," nikasema. Sikuwa nimesema uongo.

Nikarudi kuzitazama hizo zilizotoka. Gari limesimama. Gari limesimama. Kiti kitupu, kiti kitupu. Halafu mkono wa koti la kijivu.

Nikasogea karibu na kioo.

Baba ameingia. Baba amefunga mlango. Baba anatazama dashibodi. Nilitarajia picha inayofuata ionyeshe gari limefika kivulini, lakini picha iliyofuata ilikuwa ya barabara mbele ya kioo, na iliyofuata ilikuwa ya vilima. Alikuwa ameingia kwenye mzunguko. Baba yangu, na koti lake na kofia yake, aliendesha mzunguko wote wa mbio peke yake, wakati sisi tunatia udhu.

Vikonyezo havipigi picha zinazotembea. Vinakupa kipande, vinaruka, vinakupa kipande. Kwa hiyo ukivitazama unapata muda wa kuona kila kitu kimesimama, na ndivyo nilivyouona mkono wa kushoto. Ulikuwa mapajani. Kwenye picha ya kwanza nikadhani anapumzika. Kwenye ya pili upo pale pale, vidole vimejikunja. Picha zote, mkono haukunyanyuka. Gia ya gari lile iko kushoto, kwa hiyo kila alipotaka kubadilisha, mkono wa kulia uliacha usukani, ukavuka mbele ya kifua, ukaenda kushika gia, na usukani umebanwa na magoti. Kuna picha gari liko kwenye kona ya mawe, ile iliyomla mtu wa samaki, na hakuna mkono wowote kwenye usukani. Magoti tu. Baada ya hapo hakubadilisha tena, akamaliza na gia ya pili.

Miaka miwili tulikuwa tunaishi na mkono ule na hatukuuona. Nikajiuliza tulikuwa tunatazama wapi, na jibu likanijia lenyewe. Baba anakula kwa mkono wa kulia. Anasalimia kwa kulia, anapokea kwa kulia, anatoa kwa kulia, tasbihi anavuta kwa kulia. Nani kwetu humtazama mtu mkono wa kushoto? Ukimpa mtu kitu kwa kushoto anakuuliza umelelewa na nani. Mwanamume mwenye heshima zake, akitia mkono wa kushoto mfukoni mwa koti, anaweza kuuficha mpaka siku ya kuzikwa na watu wakasifu adabu yake. Alikuwa amejificha nyuma ya malezi mema. Na chooni, na kwenye udhu, mama ndiye pekee angeweza kujua, na baba alikuwa ameshaanza kufunga mlango.

Nililia. Sikulia sana, ila nililia, kwa sababu kwenye picha moja alikuwa anacheka. Kioo cha ndani kilimshika uso, meno yote nje, vumbi kwenye nyusi. Sikuwa nimemuona akicheka hivyo tangu ile homa yake.

Nilipotulia nikaona nina njia tatu. Kwanza, nilikuwa na picha za siku ile tuliyojaribu, mdogo wangu akiendesha vizuri kwenye njia ile mbovu ya kuelekea Butiama, vumbi lile lile. Ningezipeleka nikasema ndizo za Jumapili, na baba asingejua. Pili, ningemwambia baba wazi kwamba akiuza gari namwonyesha mama alichokifanya. Tatu, nimpelekee alichoagiza: picha zilizotoka kwenye kamera. Ya kwanza niliikataa haraka. Mimi chakula changu ni picha, na siku nitakayomdanganya baba yangu kwa picha nifunge studio nikauze dagaa. Ya pili niliitafakari zaidi kuliko ninavyopenda kukiri, kisha nikaiona chafu. Ikabaki ya tatu, ambayo haikuwa na uhakika wowote kwa mdogo wangu.

Jumatatu nikapanda gari la Bunda na kompyuta mapajani. Mdogo wangu alikuwa dukani kwake, hakutaka kuja. Alisema akiwepo atamjibu baba vibaya. Mama alikuwa jikoni. Nikamkuta baba sebuleni, amevaa koti, anamsubiri mnunuzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeleta?"

Nikafungua. Baba akavaa miwani. Gari limesimama, gari limesimama, kisha mkono wa kijivu, kisha yeye.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, baba."

Nikamwambia yote, la saa na la kulala, kwamba kamera ilikuwa usingizini wakati wa mbio ikaamka saa sita. Nilitegemea agombe. Badala yake pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Kwa hiyo haijuagi saa."

"Haijui kabisa."

"Halafu unasema kina akili hicho." Akakisogelea kioo. "Endelea."

Nikaendelea, taratibu, picha baada ya picha. Vilima. Mwinuko. Mkono wa kulia unavuka kifua. Kona ya mawe.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Magoti yake, usukani, na mkono wa kushoto umelala na vidole vyake vilivyojikunja. Alitazama kwa muda mrefu sana. Nilisikia mama anakuna nazi jikoni. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa na hasira naye, na nilimpenda, yote kwa pamoja.

"Mama yako ameona?"

"Hakuna aliyeona. Mimi tu."

"Na mdogo wako?"

"Mimi tu, baba." Kisha nikasema kile ambacho nyumba ile haikuwa imekisema kwa miaka miwili. "Baba, mkono haujapona."

Nilidhani atanifukuza. Akatumia mkono wa kulia kuutoa wa kushoto mfukoni, akaunyanyua, akauweka mezani pembeni ya kompyuta, mbele yangu, bila kuuficha. Ulikuwa umekonda kuliko mwenzake.

"Haujapona," alisema.

Nje pikipiki zilipita. Nikafikiria mnunuzi na mdogo wangu, na nikasema lazima niulize, hata kama si wakati wake.

"Na gari, baba?"

"Jana nilikaa pembeni yake kutoka hapa mpaka Butiama," akasema. "Njia nzima namsubiri akosee. Hata moja. Gia anabadilisha sisikii. Nilikuwa natafuta kosa hata dogo, mama, nikose usingizi kwa sababu ya maana. Sikulipata." Akavua miwani, akaifuta kwenye koti kwa taabu, na mimi sikumsaidia. "Ndiyo maana nililichukua. Nilisema na mimi nizunguke, niwaonyeshe kwamba hata mimi. Sasa nimejionyesha mwenyewe."

Akaniambia nimpigie yule mtu asije. Nikapiga. Mtu akalalamika sana, alikuwa ameshafika stendi, nikamwomba radhi kwa maneno yote mazuri ninayoyajua. Kisha baba akasema nimpigie mdogo wangu.

"Mwambie gari ni lake. Na mwambie kesho asifungue duka asubuhi, anipeleke hospitali, wale wa mazoezi ya viungo waliniambia nirudi nikakataa. Na asinishukuru kwenye simu, sitaki kelele."

Alishukuru kwa kelele. Hata baba alisikia kutoka upande wake wa meza, akatikisa kichwa.

Nikataka kufunga kompyuta. Baba akanizuia.

"Rudisha mwanzo," akasema.

Nikarudisha. Safari hii hakutazama mkono. Alitazama barabara, na kila picha alikuwa na la kusema. Hapa kuna jiwe, unalipita kushoto kwake. Hapa tairi lilianza kuteleza, ukiona vile hugusi breki, unaliacha. Tulipofika kwenye kona ya mawe akagonga meza kwa kidole.

"Hapo niliingia vizuri."

"Uliingia vizuri sana, baba." Na ndiyo ilikuwa kweli, magoti na yote.

Mlango wa jikoni ukafunguka, mama akaingia na sinia la chai. Mkono wangu ukaenda kwenye kompyuta kuifunga, maana ndivyo nilivyodhani anataka. Baba akaushika.

"Mwache aone," akasema. "Ndiyo safari yangu ya mwisho hiyo."

Mama akamtazama yeye, akautazama mkono uliokuwa mezani, kisha akatazama kioo ambako baba alikuwa ameganda anacheka na vumbi kwenye nyusi. Akaweka sinia chini, akavuta kiti.

"Haya, anzeni upya," akasema. "Mimi sijaona."